Kugombea Kiti katika Baraza la Shule: Habari za Mji wa London

Wazee wetu walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Maneno haya hayana shaka. Lakini liko swali ambalo methali hiyo haikulijibu: ni nani atakayemkunja? Kijijini ni baba na mama, mjomba na shangazi, na jirani pia. Katika mji mkubwa wenye mamilioni ya watu wasiojuana, kazi hiyo haina mwenyewe mpaka watu wachague wenzao wa kuitenda. Basi katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi watu wa London walivyochagua wenzao wa kuangalia shule za mji kuanzia mwaka 1870. Jinsi mtu alivyoweza kugombea kiti. Na kwa nini wengine walishinda, na wengine waliokuwa na wafuasi wengi kuliko wao wakashindwa.

Mwaka ule wa 1870 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya elimu ya watoto. Waziri aliyeipeleka Bungeni alikuwa W. E. Forster. Kabla ya hapo shule nyingi za watoto wa maskini zilikuwa mali ya makanisa na vyama vya hisani, na Serikali ilizisaidia kwa fedha. Palipokuwa na shule za kutosha, vema. Pasipokuwa nazo, watoto walizurura njiani au walipelekwa kazini wangali wadogo. Sheria mpya ilisema kwamba mahali penye upungufu wa shule liweze kuwekwa Baraza la Shule lililochaguliwa na watu. Kwa London, sheria yenyewe iliagiza kwamba Baraza lichaguliwe.

Tusidhani kwamba Baraza hilo lilikuwa la maneno matupu. Lilikuwa na nguvu tatu kubwa. Kwanza, liliweza kujenga shule na kuajiri walimu, na gharama zake zikalipwa kwa kodi ya nyumba waliyotozwa wenyeji. Pili, liliweza kutunga amri ndogo za kuwalazimisha wazazi kuwapeleka shuleni watoto wao wenye umri wa miaka 5 hata 13. Tatu, liliweza kuwasamehe ada wazazi waliokuwa maskini, kwa maana siku zile shule hazikuwa bure. Mzazi alilipa peni chache kila juma. Kwa hiyo aliyepata kiti aliweza kugusa mfuko wa mwenye nyumba, mlango wa mzazi, na maisha ya mtoto. Ndiyo sababu watu walishindana sana.

Sasa, ni nani aliyeweza kuchagua, na ni nani aliyeweza kuchaguliwa? Katika London waliopiga kura ni wale waliolipa kodi ya nyumba. Sheria haikuuliza kama mlipa kodi ni mwanamume au mwanamke. Hivyo mjane au mwanamke asiyeolewa aliyekuwa na nyumba kwa jina lake alipiga kura. Jambo hili lilikuwa kubwa, kwa kuwa katika uchaguzi wa Bunge wanawake wa Uingereza hawakupata kura mpaka mwaka 1918. Tena mwanamke aliruhusiwa kugombea kiti cha Baraza sawasawa na mwanamume, wala mgombea hakutakiwa kuonyesha utajiri.

London iligawanywa sehemu kumi, na viti vilikuwa 49 jumla. Sehemu ya Marylebone ilipewa viti saba, na Finsbury sita; Hackney, Lambeth, Tower Hamlets na Westminster zilipewa vitano kila moja; na Chelsea, Greenwich, Southwark na City zilipewa vinne kila moja. Uchaguzi ulifanywa kila miaka mitatu.

Hapa tunafika penye jambo linalotaka kufikiriwa polepole, yaani hesabu ya kura. Mpiga kura hakuwa na kura moja tu. Alikuwa na kura nyingi kama viti vya sehemu yake. Mtu wa Marylebone, kwa mfano, alikuwa na kura saba. Mfano wake ni kama mtu aliyepewa nazi saba na kuambiwa, "Gawa upendavyo." Akitaka, humpa kila mtu nazi moja, akitaka, humpa mmoja nne na mwingine tatu, na akitaka humtwika mtu mmoja zote saba. Waliosoma historia ya Tanganyika wanakumbuka uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958 na 1959, ambapo mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ule ulikuwa mfungo. Huu wa London ulimwachia mtu nafasi ya kurundika kura zake zote mahali pamoja.

Faida yake ni nini? Tufanye hesabu. Tuseme sehemu moja ina viti saba na wapiga kura 800. Kura zote ni mara saba ya hizo, yaani 5,600. Katika watu hao, 101 tu wana shauri moja, nao wamekubaliana kumrundikia mtu wao kura zote. Mtu huyo atapata kura 707. Waliobaki ni watu 699, wenye kura 4,893. Ili wamtoe katika viti saba, hawana budi kupata watu saba wenye kura zaidi ya 707 kila mmoja. Lakini saba mara 708 ni 4,956, nao hawana kura hizo. Basi mtu wa wale 101 hawezi kukosa kiti, hata kama wengine wote wanamchukia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti haba zote zitiwe katika kibaba kimoja.

Wale waliotunga sheria walipenda njia hii kwa sababu watu wa Uingereza walikuwa wa madhehebu mbalimbali, na kila dhehebu lilihofu kwamba wengine watazitawala shule na kuwafundisha watoto wake dini isiyo ya wazazi wao. Kwa njia ya kurundika kura hata kundi dogo lilipata msemaji ndani ya Baraza.

Lakini njia hiyo ilikuwa na mtego, na mji wa Birmingham ulinaswa nao. Birmingham ulikuwa na viti 15. Chama cha Liberal kilikuwa na nguvu nyingi mjini, kikajiona kwamba chaweza kupata viti vyote; kwa hiyo kikasimamisha watu 15. Wapinzani wao, watu wa Kanisa la Uingereza, walisimamisha wanane tu. Wakatoliki walimrundikia padre mmoja kura zao, naye akawa wa kwanza katika orodha. Hesabu ilipokwisha, wale wanane wa Kanisa waliingia wote, na wale kumi na watano wa Liberal waliingia sita tu, ingawa kura zao zote pamoja zilikuwa nyingi kuliko za wenzao. Mshika mbili moja humponyoka. Itakuwaje kwa mshika kumi na tano? Mwaka 1873 walikuwa wamepata akili. Walisimamisha watu wanane, wakaingia wote wanane, na Joseph Chamberlain akawa mwenyekiti.

Turudi London. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa tarehe 29 Novemba 1870. Katika Marylebone aligombea mwanamke daktari, Elizabeth Garrett. Alikuwa amepata cheti cha udaktari mwaka 1865, baada ya kufungiwa milango mingi, na mwaka 1866 alifungua zahanati kwa ajili ya wanawake na watoto maskini katika sehemu hiyo hiyo. Waliomtaka agombee walikuwa wanaume wafanya kazi, na wengi wao ni waume na baba za wagonjwa aliowatibu. Twaomba msomaji alitazame neno hili vizuri. Garrett hakuanza kujulikana siku alipotangaza kwamba anataka kiti. Mlango wa zahanati yake ulikuwa umekwisha kumtangaza kwa miaka minne.

Hata hivyo hakulala akitegemea sifa. Aliunda kamati, akasema mbele ya mikutano ya watu wengi, jambo ambalo kwa mwanamke wa siku zile lilionekana geni na la kushangaza. Alipata kura 47,858. Aliyemfuata katika Marylebone alikuwa T. H. Huxley, bingwa wa elimu ya viumbe, mtu mwenye jina kubwa Ulaya nzima, naye alipata kura 13,494. Tukumbuke kwamba hizo ni kura, si vichwa vya watu, maana wengi walimrundikia Garrett kura zao. Lakini hakuna mgombea mwingine wa London aliyemfikia mwaka ule. Katika Greenwich alichaguliwa mwanamke mwingine, Emily Davies, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameanzisha chuo cha wanawake.

Katika Finsbury alichaguliwa Benjamin Lucraft, fundi wa kutengeneza viti na samani. Huyu alipata kiti kati ya malodi, mapadre, mabenki na maprofesa. Mwenyekiti wa kwanza wa Baraza alikuwa Lord Lawrence, aliyekuwa ametawala India kwa niaba ya Malkia. Fikirini basi meza moja: huku aliyetawala India, huku fundi wa viti, na kila mmoja ana kura moja wakati wa kuamua. Lakini wajumbe hawakulipwa mshahara, na kazi za Baraza na kamati zake zilikula siku nyingi. Kwa tajiri hilo halikuwa neno. Kwa mtu alaye kwa mikono yake, kila mkutano ulikuwa ujira uliopotea. Lucraft alivumilia hata mwaka 1890, miaka ishirini, akidai daima kwamba watoto wafundishwe bila ada.

Waliopoingia Barazani waliona haraka kwamba kushinda uchaguzi ni kufika mlangoni tu. Ilipohesabiwa, ilionekana kwamba shule zilipungua nafasi za watoto kiasi cha laki moja. Majumba yakaanza kujengwa. Palikuwa na ubishi juu ya dini. Mwaka 1871 wakaamua kwamba Biblia isomwe na kuelezwa shuleni, lakini bila kumvuta mtoto katika dhehebu lolote. Kisha Baraza likatuma watu wake nyumba kwa nyumba kuuliza watoto wako wapi. Hapo ndipo uchungu ulipoanza. Mama mwenye watoto watano, ambaye binti yake mkubwa humlelea mtoto mchanga ili yeye aende kufua nguo za watu, aliambiwa binti huyo lazima aende shule, tena alipe peni zake kila juma. Sheria ilikuwa njema, lakini njaa nayo haikuwa mzaha. Mjumbe aliyeomba kura za watu wa mtaa ule hakuweza kujifanya haoni.

Jambo hili lilirudi katika uchaguzi wa mwaka 1888. Katika Tower Hamlets, sehemu ya maskini wengi, aligombea Annie Besant, ambaye mwaka ule ule alikuwa amewasaidia wasichana wa kiwanda cha viberiti walipogoma. Aliwaambia watu waziwazi atakalolitaka: ada iondolewe, watoto wenye njaa wapewe chakula, na mafundi wanaolifanyia Baraza kazi walipwe ujira wa haki. Alikuwa wa kwanza katika sehemu yake. Mwaka 1889 Baraza lilikubali kwamba wanaopewa kazi zake wawalipe mafundi ujira wa haki. Mwaka 1891 ilipatikana sheria iliyowezesha shule nyingi kufundisha bila ada. Sheria ya kuwaruhusu wenye kuangalia shule kuwapa watoto chakula ilingoja hata mwaka 1906.

Wakati huo Baraza la London lilikuwa limekwisha kuondolewa. Mwaka 1904 kazi yake ilikabidhiwa Halmashauri ya London. Liliacha nyuma yake mamia ya majumba ya shule, na mengine yangalipo mpaka leo.

Tujifunze nini? Miji na nchi zina sheria mbalimbali, na kurundika kura si desturi ya kila mahali. Lakini yapo mambo ambayo hayabadiliki, kwa baraza la mji mkubwa na hata kwa kamati ya shule ya kijiji. Mwenye kutaka kiti na asome kwanza sheria ya uchaguzi, ajue kura zinahesabiwaje, kwa kuwa wengi wasiojua hesabu hushindwa na wachache wanaoijua. Na ajulikane kwa kazi kabla ya kujulikana kwa maneno. Na aseme mapema jambo moja au mawili atakayoyadai, yenye kuhesabika, ili watu waweze kumwuliza baada ya miaka mitatu. Na ahesabu siku zake na mfuko wake, asije akapata kiti halafu asikikalie.

Na wewe mpiga kura, usimwulize mgombea kama anawapenda watoto. Hakuna atakayejibu kwamba hawapendi. Mwulize ada italipwa na nani, jengo litajengwa wapi, na yule binti anayelea mtoto mchanga nyumbani atafikaje shuleni. Akiwa na jibu, msikilize. Akikosa jibu, ujue amekuja kutafuta kiti, wala hakuja kutafuta shule.