Jimbo la Penang na Makampuni ya Kigeni

Penang ni jimbo dogo la Malaysia, lenye kisiwa na kipande cha bara kinachokielekea. Kwa zaidi ya karne moja kisiwa hicho kiliishi kwa bandari yake huru, ambamo bidhaa zilipita bila kutozwa ushuru. Mwaka 1969 haki hiyo iliondolewa wakati vijana wengi walikuwa tayari hawana kazi. Mwaka huohuo Dkt. Lim Chong Eu alishika uongozi wa serikali ya jimbo, na Shirika la Maendeleo la Penang likaundwa. Makatibu wa vyama watalitambua swali lililolikabili shirika hilo, kwani ndilo hukikabili chama kinapojiwa na mnunuzi mkubwa kutoka mbali: namna ya kumkaribisha mgeni bila kumkabidhi nyumba.

Yapasa ieleweke kwanza kwamba mamlaka ya jimbo yalikuwa na mipaka. Misamaha ya kodi ilitolewa na Serikali ya Shirikisho. Jimbo lilikuwa na ardhi. Basi shirika liliyageuza mashamba ya mpunga ya Bayan Lepas, karibu na uwanja wa ndege, kuwa viwanja vyenye barabara, maji na umeme, na mwaka 1972 pakafunguliwa eneo huru la biashara. Wala viongozi hawakuketi kungoja barua. Walisafiri wenyewe kuwatafuta wenye viwanda vya elektroniki. Makampuni manane yaliyotangulia, miongoni mwao Intel, Hewlett-Packard, Bosch na Hitachi, yakaja kuitwa "samurai wanane". Kwa Intel, hicho kilikuwa kiwanda cha kwanza nje ya Marekani. Mwenye mtaji huuliza mambo ya kawaida kabisa: kiwanja kitakuwa tayari lini, umeme utatosha, kibali kitatiwa sahihi na nani. Ofisi moja inayoweza kumjibu ina thamani kuliko hotuba nyingi.

Hata hivyo, faida ya miaka ya kwanza ilikuwa nyembamba. Kazi iliyoletwa ilikuwa ya kuunganisha vipande vidogo vidogo, ikifanywa zaidi na wasichana kwa ujira mdogo. Vipuri viliagizwa kutoka nje, na bidhaa ikarudishwa nje. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa elektroniki hawakuruhusiwa kuunda chama chao cha nchi nzima, na mwaka 1988 waliruhusiwa vyama vya ndani ya kampuni moja moja tu. Wanaousifu mfano wa Penang huliruka jambo hili, na si haki kuliruka. Soko la dunia lilipoanguka mwaka 1985, wengi walipunguzwa kazini.

Hatari ya kubaki katika hali hiyo ilionekana Scotland, ambako ofisi ya kuvutia wawekezaji iliundwa mwaka 1981. Viwanda vilikuja kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya vipuri vyao iliagizwa kutoka nje. Biashara ya simu ilipodorora mwaka 2001, Motorola ilifunga kiwanda chake cha Bathgate, na watu wapatao 3,000 wakapoteza kazi.

Penang ilifuata njia nyingine polepole. Karakana ndogo za wenyeji zilianza kuyatengenezea makampuni hayo zana na sehemu za mitambo, nyingine zikianzishwa na watu waliopata ufundi humohumo viwandani. Kisha mwaka 1989 kikaundwa Kituo cha Kukuza Ujuzi cha Penang. Serikali ya jimbo ilisaidia kwa mahali na fedha, makampuni yakaleta mashine na wakufunzi. Mwanaushirika ataitambua sura yake mara moja, kwani makampuni yaliyokuwa yakishindana sokoni yalikuwa wanachama wa kituo kimoja, yakaketi katika halmashauri moja na kukubaliana mafunzo yapi yatolewe. Nao mafundi waliofunzwa hapo walikuwa huru kuhamia kiwanda kingine, au kufungua karakana zao wenyewe.