Ghala Limejaa, Je, Sahani ya Mtoto?

Mama mpendwa, ukipita soko la Soweto jijini Mbeya utaona neema ya nchi yetu: ndizi, viazi mviringo, kabichi, karoti na maharage. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini huitwa ghala la chakula la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kuhuzunisha. Mkoani Iringa, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa hali ilikaribia kuwa hiyohiyo, na kwa taifa zima walikuwa watoto 30 kati ya 100.

Inawezekanaje njaa ya namna hii ikae penye chakula? Sababu ni nyingi. Mazao mazuri hupelekwa sokoni. Mtoto hushibishwa uji mtupu wa mahindi au ugali na mchuzi mwepesi. Mama hushinda shambani na mtoto hukosa wa kumlisha mara kwa mara. Magonjwa ya kuhara nayo huchukua sehemu yake. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata vya kuujenga.

Hatuwezi kupanga bei ya soko. Ila kuna kipande kidogo nyuma ya jiko ambacho mama ndiye mwenye neno. Mboga za hapo zisihesabiwe kuwa za biashara, ni za sahani.

Tuliyorithi kwa mama zetu

Jambo hili si geni kwetu. Iringa na Njombe familia zimelima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na kupata mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Siku hizi tunajua pia kwamba chanzo cha maji kikilimwa hukauka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa hiyo bustani ya nyumbani ina faida mbili: inalisha watoto na kuliacha bonde lipumzike.

Kule Mbinga, Wamatengo hulima ngoro. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana, kisha akina mama huyafukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Majani yanaoza na kuwa mbolea, na mashimo yanashika maji ya mvua yasibebe udongo mlimani. Wafipa nao hufukia majani ndani ya matuta. Fundisho ni moja: majani usiyachome, yafukie.

Kama ua ni mdogo

Wewe uliyepanga chumba mjini, usikate tamaa. Chukua gunia kuukuu. Changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Simamisha katikati ya gunia kopo lililotobolewa juu na chini, lijaze mawe madogo, na uzungushie udongo. Vuta kopo juu, jaza tena, hadi gunia lijae. Maji utakayomwaga juu ya mawe yatafika mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, shubiri moja kati ya tundu na tundu, upande miche ya sukuma wiki au chainizi. Maji uliyooshea mboga au mchele yanatosha kumwagilia. Yale yenye sabuni nyingi yaache.

Mbolea isiyonunuliwa

Maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharage na kinyesi cha kuku visitupwe. Vipange tabaka kwa tabaka pamoja na udongo kidogo, vinyunyizie maji, ufunike. Geuza kila baada ya wiki tatu. Kwa baridi yetu, subiri miezi mitatu au minne. Mboji ikiwa tayari ni nyeusi na hunukia udongo, si uvundo.

Nenda na majira

Mvua za Novemba zikianza, panda maboga na mnavu. Mchicha unapenda joto. Juni na Julai mboga hukua taratibu, ila kabichi, karoti na njegere hustahimili baridi. Usipande kila kitu siku moja. Sia mbegu kidogo kila baada ya wiki tatu, nawe hutakosa cha kuchuma. Sukuma wiki, kabichi, chainizi na figiri ni ukoo mmoja na wadudu wao ni wamoja. Zikitoka, panda maharage au karoti mahali hapo. Vidukari wakiingia, nyunyizia majani majivu ya jikoni.

Mpaka kwenye sufuria

Osha mboga kabla ya kuikata, ipike kwa muda mfupi, na utie karanga au mafuta kidogo, maana mwili huhitaji mafuta ili upate vitamini A iliyomo. Mtoto akifikisha miezi 6, endelea kumnyonyesha na umwanzishie vyakula vingine. Mponde mboga laini pamoja na maharage au yai.

Baba naye ahusike

Bustani peke yake haimalizi udumavu. Mtoto anahitaji pia maziwa ya mama, maji safi na mama asiyechoka kupita kiasi. Kwa hiyo bustani isiwe mzigo mwingine juu ya mabega yako. Zungumza na mumeo kwa upole: yeye alete samadi na kugeuza mboji, watoto wakubwa wamwagilie jioni. Na siku mazao yanapopakiwa kwenda sokoni, mkubaliane kwanza debe la maharage litakalobaki nyumbani.

Anza na gunia moja wiki hii. Kabla ya miezi miwili kwisha utaanza kuchuma majani ya chini, na mmea utaendelea kukupa.