Bolti za Sproketi Zinalegea Kila Wiki? Usiongeze Nguvu, Angalia Urefu Wake Kwanza

Leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu, tuongelee baiskeli. Najua wapo watakaosema afisa ugani kaishiwa masomo. Lakini hapa Mombo mpunga mwingi wa skimu unapanda keria ya baiskeli kabla haujapanda kirikuu au fuso. Bamia na nyanya za kupeleka gengeni nazo hivyo hivyo. Kwa hiyo baiskeli ni kifaa cha kazi kama lilivyo bomba la kupulizia dawa. Ikikufia njiani mchana na jua hili la bondeni, nyanya hazikusubiri.

Vijana wengi siku hizi mna baiskeli za mtumba za gia. Kwenye hizo, sproketi ya mbele mara nyingi imefungwa kwenye kranki kwa bolti 4 au 5. Kila bolti ina vipande viwili. Mbele kuna bolti yenyewe, nyingi zinaingia spana ya L namba 5. Nyuma kuna nati yenye kibomba, ambayo inapita ndani ya tundu la sproketi na la kranki. Bolti hizi zikilegea, utasikia kwe-kwe kila ukikanyaga, mnyororo unayumba, halafu unaruka.

Kisa cha hapa kwetu

Kijana mmoja anayelima mpunga na bamia alinifuata akiwa amechoka kabisa. Anakaza bolti Jumatatu, Ijumaa zinacheza. Mbili zilishadondoka. Mtu akamshauri achomelee sproketi kwenye kranki yamalizike. Nikamwambia kwanza twende kwa fundi mmoja mzee jirani na stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hii ilikuwa na sproketi ngapi mbele?"

"Tatu, mzee. Nilitoa mbili, gia zilikuwa zinanisumbua."

"Bolti ukarudisha zile zile?"

"Ndiyo mzee."

"Basi ndo ugonjwa wako huo."

Mzee alikuwa sahihi. Bolti zile zilitengenezwa kubana sproketi mbili pamoja na kranki katikati. Ukiacha sproketi moja, unene umepungua lakini kibomba cha nati kina urefu ule ule. Unapokaza, kichwa cha bolti kinagota kwenye kibomba kabla hakijaibana sproketi. Mkono unakwambia imekaza, kumbe bolti na nati zimekazana zenyewe kwa zenyewe na sproketi iko huru. Hapo hata ukaze na spana ndefu kiasi gani, utakachopata ni bolti kukatika.

Ushauri wa kuchomelea haufai. Kranki nyingi za mtumba ni alumini na sproketi mara nyingi ni chuma. Mashine ya kawaida ya kuchomelea haiunganishi vitu hivyo viwili. Hata kama vyote ni chuma, meno yakiisha itabidi utupe kranki nzima.

Fanya hivi

1. Kaza bolti zote, kisha shika sproketi uitikise. Ikicheza wakati bolti zimekaza, tatizo ni urefu.

2. Tafuta bolti fupi za sproketi moja. Ukikosa, weka washa nyembamba za chuma zenye tundu la milimita 10 upande wa nyuma, chini ya kichwa cha nati. Zote ziwe na unene sawa, sproketi isikae upande.

3. Fungua zote, safisha kwa mafuta ya taa, kausha. Kwangua rangi, tope na kutu pale sproketi inapogusana na kranki. Uchafu ukisagika baadaye, nafasi inabaki na bolti inalegea.

4. Paka gilisi kidogo kwenye nyuzi. Wengi wanaogopa kwamba gilisi italegeza. Nyuzi kavu zenye kutu ndizo zinazodanganya mkono, nguvu yako inaishia kwenye msuguano. Ukiwa na gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati unaweza kuitumia badala ya gilisi. Chagua kimoja, usichanganye.

5. Anza zote kwa vidole. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kuruka, kama unavyokaza nati za tairi la gari. Nati ikizunguka nyuma, izuie kwa bisibisi pana. Mwenye spana ya kipimo, bolti za chuma zinatosha kwenye Newton mita 8 hadi 10. Za alumini punguza.

6. Baada ya safari ya kwanza na mzigo, zikague tena. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi, na kila wiki wakati wa mavuno.

Bolti moja ikidondoka, usipakie gunia kwa kusema zimebaki nne. Zilizobaki zinabeba mzigo wote, matundu yanatanuka na sproketi inapinda. Msumari na waya si bolti, jamani.

Wenye Phoenix na baiskeli za kizamani

Kwenye nyingi ya hizi sproketi imeshikana moja kwa moja na mkono wa kranki, huna bolti za kukaza. Kinacholegea ni kota pini, ile pini inayopita pembeni kushika mkono wa pedeli. Pini hii ni kabari. Inaingia kwa nyundo, nati kazi yake ni kuizuia isirudi. Kabla ya kugonga, kingia kranki kwa bomba zito kutoka chini, pigo lisiende kwenye gololi. Tembea nayo kidogo, gonga tena, kaza nati. Pini iliyokwisha kuliwa usiigonge tena, badilisha.

Mwisho, acheni kulaza baiskeli kwenye mfereji wa skimu ili ioshwe na maji. Maji na mchanga vinaingia kwenye gololi na kwenye nyuzi. Kitambaa na mswaki wa zamani vinatosha.

Yule kijana aliweka washa 5 na bolti 2 mpya, na msimu huo mpunga wake wote ulifika mashineni kwa baiskeli ile ile. Kabla hujapakia gunia la kesho, itikise sproketi yako. Kazi njema.