Kidonge cha kugandisha damu: kweli au si kweli?

Ubaruku ni mji wa mpunga. Huku kwenye bonde la Usangu, wilayani Mbarali, watoto hukua karibu na mundu, jembe na powatila, na kukatwa kidogo mguuni hakumnyimi mtu usingizi. Kwa mvulana aliyezaliwa na himofilia mambo ni mengine, na jeraha la nje si ndilo linalomuumiza zaidi. Damu huvujia ndani ya goti au kiwiko, kiungo kinavimba na kuwaka moto, na hali hiyo ikijirudia miaka na miaka mtoto hubaki akichechemea. Dawa ya kurudisha protini inayokosekana ipo, lakini huingia kwa sindano ya mshipani. Ndiyo maana kila habari ya kidonge hupokelewa kwa hamu, na katika hamu hiyo maneno mengi hupotoka.

"Akila maini na kunywa rozela, damu yake itaganda."

Si kweli. Maini humsaidia mtu aliyepungukiwa damu, maana yana madini ya chuma. Himofilia si upungufu wa damu. Mwenye himofilia A hana fakta ya 8 ya kutosha, na mwenye himofilia B amepungukiwa na fakta ya 9. Hizi ni protini zinazofanya kazi ya kugandisha damu. Ni kweli kwamba ini la binadamu hutengeneza fakta ya 9, na huenda hapo ndipo mtu anapodhani kwamba ini la ng'ombe litaziba pengo. Lakini protini yoyote ikifika tumboni hukutana na asidi kali, kisha vimeng'enya vya tumbo na utumbo huikatakata vipande vidogo. Mwili huvipokea vipande hivyo kama chakula. Fakta yenyewe inakuwa imekwisha.

"Kidonge chenye fakta kimeshapatikana, sisi tu ndio hatupewi."

Si kweli. Hakuna nchi ambako mgonjwa wa himofilia humeza fakta ya 8 au ya 9 kama tiba ya kawaida. Uvumi huu una chanzo cha haki, hata hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wakiwamo Sarena Horava na Nicholas Peppas, walieleza kidonge walichokibuni kwa ajili ya fakta ya 9. Protini waliifungia ndani ya chembe ndogo mno za jeli. Tumboni, penye asidi, jeli hujikunyata na kuilinda protini. Ikifika kwenye utumbo mwembamba asidi hupungua, jeli huvimba, na kimeng'enya kinachoitwa tripsini huimeng'enya ili protini itoke mahali inapoweza kufyonzwa. Walikadiria kwamba vidonge takribani 2 vingelingana na sindano 1. Ni kazi nzuri sana, lakini ilikuwa ya maabara.

"Basi protini haiwezi kamwe kuwa kidonge."

Hilo nalo si kweli. Semaglutaidi, dawa ya kisukari iliyo katika jamii ya protini, iliidhinishwa kama kidonge nchini Marekani mwaka 2019. Lakini tazama gharama yake: kati ya dawa inayomezwa, isiyozidi asilimia 1 hivi ndiyo huingia kwenye damu. Na molekuli hiyo ni ndogo. Fakta ya 9 ni kubwa kuliko hiyo kwa zaidi ya mara 10, na fakta ya 8 ni kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Mbarali asimame kidogo. Sehemu kubwa ya fakta inayotumika Tanzania huja kama msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani. Kidonge kinachopoteza sehemu kubwa ya protini njiani kitahitaji protini nyingi zaidi kwa kila dozi. Wataalamu wakitangaza kwamba kimefaulu, swali letu la kwanza liwe ni kiasi gani kinafika kwenye damu, na nani atakilipia. Nauliza hivyo kwa sababu nakitaka kidonge hicho. Kingemfaa zaidi mama ambaye Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake, mwenye mtoto ambaye mishipa yake haionekani.

"Kuna saladi inayotibu himofilia."

Kuna ukweli ndani yake, ila si tiba unayodhania. Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliotesha saladi iliyobadilishwa vinasaba ili majani yake yabebe protini ya kugandisha damu. Ukuta wa seli ya mmea huilinda tumboni. Walipowalisha mbwa wenye himofilia B unga wa majani hayo, lengo halikuwa kugandisha damu. Lilikuwa kuuzoesha mwili usiishambulie fakta inayodungwa, kwa maana wagonjwa wengine hutengeneza kinga inayoiua dawa. Sindano ilibaki pale pale.

"Damu isiyokoma baada ya tohara ni kosa la mtahiri."

Si lazima. Mara nyingi himofilia hujitokeza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mtoto apimwe, hata kama ukoo hauna historia: takribani theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu anayejulikana kuwa nayo. Na dada zake wasisahaulike, kwani wanaobeba kinasaba hicho nao huweza kutokwa damu kupita kiasi wakati wa hedhi au kujifungua.

"Hakuna kidonge chochote kinachomsaidia."

Si kweli. Asidi ya traneksami humezwa vizuri kwa sababu si protini. Hairudishi fakta, ila huzuia donge la damu lisiyeyuke mapema, na inafaa hasa damu inapotoka mdomoni, puani au baada ya kung'olewa jino. Daktari ndiye aamue, na damu ikionekana kwenye mkojo isitumiwe bila ushauri wake.

Goti likianza kuvimba, mtoto apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na wahudumu waambiwe mapema kuwa ana himofilia ili wasimchome sindano ya msuli. Kwa maumivu apewe parasetamo, si aspirini wala diklofenaki.