Kunguru na viota vya mnana Mjambere
Masika yanapokolea na kusi kuvuma, mnana husuka viota vyao kwenye makuti ya minazi ya Mjambere, Kisauni. Ni burudani isiyo na kiingilio. Hata hivyo, mtazamaji hana budi kuwahi, kwani kunguru naye yu macho.

Ndege huyo mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka, akaonekana Mombasa mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Januari 2024, Shirika la Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Sumu huwapunguza, ila taka zitupwazo ovyo, ambazo ndizo riziki yao, huwarudisha.