Juu ya Kufuata Habari za Mashairi Pamoja na Kazi za Kila Siku

Walimu wengi husema ya kwamba ushairi ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Husema, "Mimi nina darasa la watoto wengi, nina shamba la uwele, nina maji ya kutafuta na wagonjwa wa kuwatazama, saa ya kufuata habari za malenga nitaipata wapi?" Neno hili si la kubezwa, hasa katika nchi yetu ya Ugogo, ambayo mvua zake ni chache na riziki yake hupatikana kwa jasho. Walakini katika makala haya twataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ushairi wa Kiswahili ni mazungumzo, na asiyefuata mazungumzo hawezi kuyafahamu maneno. La pili, wengi walioyaendesha mazungumzo hayo hawakuwa watu wa nafasi, bali makarani, walimu na mahakimu, waliokuwa na kazi nyingi kama sisi.

Tuanze na hilo la kwanza. Gazeti la *Mambo Leo* lilianzishwa na Serikali ya Tanganyika mwaka 1923, likapigwa chapa Dar es Salaam, likatoka kila mwezi. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma tangu 1910, na kwa njia hiyo magazeti yaliweza kupanda kutoka pwani hata bara. Ndani yake zilikuwamo habari za mazao, za magonjwa, za shule na za nchi za mbali. Na pamoja na hizo yalikuwamo mashairi ya wasomaji. Basi shairi halikutengwa na maisha ya siku zote. Lilikaa ukurasa mmoja na bei ya pamba. Mtunzi aghalabu alianza kwa kumsalimu mhariri na kuomba nafasi, akaeleza shauri lake, na katika ubeti wa mwisho akataja jina lake na mahali anapokaa. Kisha alingoja. Labda mwezi uliofuata, labda baada ya miezi kadhaa, mtu wa mji mwingine, asiyemjua hata kwa sura, alimjibu.

Adabu ya kujibu ilikuwa na sheria zake. Mshororo wa kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Na mwenye kujibu hupenda kushika vina vile vile vya mwenziwe, ili kila mtu aone ya kwamba amemsikia. Tutoe mfano mdogo, tuliouandika kwa ajili ya makala haya tu. Mtu wa Chang'ombe hii ya Dodoma (wala si ile ya Dar es Salaam) aweza kulalamika hivi:

Na mvua imechelewa, mtama unanyauka,
Ng'ombe nao wazidiwa, malisho yamekauka.

Mwingine humjibu kwa kumtuliza:

Mwenye subira hupewa, nazo mbingu zafunguka.

Na wa tatu, ambaye watoto wake wana njaa, huingia kati:

Subira haijakuwa sufuria ya kupika.

Mwalimu na autazame mshororo huo wa tatu peke yake, kama atakavyoukuta katika karatasi ya mtihani. Atasema ni mzaha, au ni maneno ya mtu asiyemcha Mungu. Akiwa ameufuata tangu mwanzo, atajua ya kwamba mtunzi haidharau subira. Amwambia aliyeshiba asimhubirie mwenye njaa. Maneno hayakubadilika, bali maana imebadilika, kwa sababu tumejua ni nani anayejibiwa. Ndiyo maana twasema ya kwamba habari za mashairi si pambo la kuongezwa juu ya mashairi. Ni sehemu ya maana yake.

Sasa la pili. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, alikuwa mtumishi wa serikali muda mrefu wa maisha yake. Alifanya kazi ya forodha, na katika miaka ya 1940 akahamishiwa idara ya mifugo, akafika Mpwapwa, karibu na kwetu. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, za mwaka 1931 hata 1958, zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002. Humo kazi ya kalamu na shughuli za jamaa vimo pamoja. Hakuwa na chumba kimoja cha ushairi na kingine cha maisha.

Mfano wa pili watoka nyumbani. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Dodoma, naye ni Mgogo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alisoma shule za misioni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha karani, kisha liwali na hakimu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Baadaye alitunga *Utenzi wa Enjili Takatifu*, uliotoka 1963, na *Utenzi wa Zaburi*, uliotoka 1965. Kazi ambazo mchungaji yeyote aweza kuzitumia hata leo. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Yeye ndiye aliyeipa ngonjera umbo lililojulikana nchini, yaani mashairi ya kujibizana yanayosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya watu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilitumika sana shuleni na mikutanoni. Alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha *Ngonjera za UKUTA* kikatoka mwaka uliofuata.

Tuangalie vema jambo hili. Mtu wa bara aliingia katika baraza la washairi kama mgeni, na kwa kufuata mazungumzo yao akawa mmoja wa wenyeji. Wala hatushangai ya kwamba alipenda kujibizana. Kwani hakimu kazi yake ni kusikiliza pande mbili, na Wagogo tangu kale huimba kwa mmoja kuanza na wengine kuitikia.

Twajua pia ya kwamba mazungumzo haya hayakukosa ugomvi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakakishika kama mizani ya haki. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wako waliosema ya kwamba hayo si mashairi. Wengine wakasema ushairi umo katika fikira, si katika hesabu. Mwalimu anayewafundisha watoto sheria hizo bila kuwaambia ya kwamba watu wazima waligombana juu yake, huwapa mifupa bila nyama.

Je, leo twafuateje? *Mambo Leo* haipo tena, na shairi siku hizi hupita katika simu upesi kuliko gari la moshi. Kwa hiyo taabu yetu imegeuka. Babu zetu walingoja gazeti. Sisi twafurikwa na maneno, nayo hupotea kabla ya kujibiwa. Ziko habari njema pia. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya maandiko ya Kiswahili, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Zote mbili zimeupa ushairi nafasi yake. Lakini tuzo humtaja aliyeshinda; haziwezi kujibu shairi lake. Kazi hiyo ni ya wasomaji.

Kwa hiyo twashauri mambo machache yasiyohitaji siku nzima. Mwalimu awe na daftari moja. Kila juma anakili humo shairi moja alilolikuta, aandike tarehe, jina la mtunzi na mahali lilipotoka, na chini yake aache nafasi ya jibu. Akilipata jibu, alinakili. Asipolipata, awape wanafunzi walijibu kwa vina vile vile. Jambo la shairi liwe lile wanalolijua: foleni ya maji, zabibu zilizoharibika, ada ya shule, mgonjwa jirani. Tena awaulize wazee nyimbo za Kigogo zinazojibizana, aziandike kwa lugha yake, kabla wenye kuzijua hawajaondoka. Kazi hii yote haizidi saa moja kwa juma.

Hasara ya kuacha ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto akilijua shairi kwa mtihani tu, ataliacha siku ile ile anapoacha shule, nalo litabaki mali ya wachache wanaotahiniana. Akilijua kama jibu analoweza kulitoa, atakuwa na chombo cha kumwambia mkubwa neno gumu kwa adabu, na kumsikia jirani mpaka mwisho kabla ya kumkatalia. Walimu na makasisi ndio wanaosimama mbele ya watu kila siku. Wasipoyafuata mazungumzo haya wao, ni vigumu kuwadai watoto wayafuate.