Dawa ya macho mekundu inavyoweza kuokoa au kupofusha

MVUA za Machi hadi Mei zinapokatika katika kaunti za Kitui na Makueni, vumbi hutanda barabarani na katika viwanja vya shule, na watoto huanza kufikicha macho. Mzazi hununua chupa ya dawa ya matone dukani, wekundu ukapungua, naye akadhani mambo yamekwisha.

Hata hivyo, macho mekundu si ugonjwa mmoja. Ni dalili ya uvimbe wenye vyanzo mbalimbali, na dawa inayomwokoa mgonjwa mmoja yaweza kumpofusha mwingine.

Kwa watoto wanaosumbuliwa mara kwa mara, chanzo kikuu huwa ni mzio. Aina yake iliyo kali zaidi huanza kabla ya umri wa miaka 10, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Mtoto huwashwa mno, hutoka tongotongo zinazovutika kama uzi na hukimbia mwanga. Mzio hauambukizi, tofauti na macho mekundu ya virusi yaliyoenea Mombasa mapema mwaka wa 2024.

Matibabu yake huhitaji subira. Mtoto hukandwa macho kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji baridi, huzuiwa kuyafikicha, na hupewa matone ya kuzuia mzio kama vile kromoglikati, ambayo huchukua siku kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Wengi hupona kabisa wanapobalehe.

Hatari huja pale mzazi anapochoshwa na kungoja. Matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni, hutuliza mwasho haraka, na kwa sababu hiyo hununuliwa tena na tena bila cheti cha daktari. Yakitumiwa kwa miezi mingi, huweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea pasipo maumivu yoyote. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lakini uoni uliopotea kwa presha haurudi.

Kwa mtu mzima, mambo yaweza kuwa kinyume. Jicho likiwa jekundu, likauma kwa ndani, likachukia mwanga na kuona ukungu, huenda uvimbe umo ndani ya jicho lenyewe. Vyanzo vyake ni pamoja na kifua kikuu, kaswende na mkanda wa jeshi, hasa kwa wenye virusi vya ukimwi. Hapa steroidi ndiyo huokoa jicho, ikiandamana na matone ya kupanua mboni na tiba ya chanzo chenyewe. Mgonjwa akichelewa, mboni hugandamana na lenzi na presha hupanda.

Hata mtoto mwenye ugonjwa wa viungo aweza kupata uvimbe huo wa ndani bila jicho kuwa jekundu, ndiyo maana hupaswa kupimwa mara kwa mara.

Tofauti hizi hazionekani kwa macho matupu dukani. Hubainishwa kwa darubini maalumu na kipimo cha presha, vifaa vya kliniki ya macho. Kwa wakazi wa kaunti hizi mbili, pa kuanzia ni hospitali za rufaa zilizoko mjini Kitui na Wote. Anayetumia steroidi tayari asiiache ghafla, bali aende na chupa yake ikaguliwe.